Ishirini na Tatu Nukta Nne

Walioandika ishirini na tano walikuwa thelathini na wanane.
Aliyeandika ishirini na tatu nukta nne alikuwa mmoja,
Mwanamvua binti Kilua wa Mikanjuni,
ambaye mama yake huuza tambuu:
jani, popoo, katu,
na chokaa ya Amboni kwa ncha ya kijiti.

Nami, mtunza maabara,
mwaka wa kumi na tisa huu naosha bureti za watoto wa watu,
ndiye niliyepima ile kostiki.

Nieleze.
Kostiki ni nyeupe, punje punje, mfano wa mahindi yaliyokobolewa,
na ina uchu wa maji.
Iache wazi hapa Tanga, mwezi wa tano,
masika yamening'inia juu ya Chumbageni
na kuta zenyewe zinatoka jasho:
itavuta hewa tu, ilowe, ing'ae, inenepe.
Gramu nne unazosoma kwenye mzani si gramu nne.
Sehemu ni kostiki, sehemu ni masika.

Siku hiyo nilifungua kopo, nikaitwa nje.
Fundi wa gesi anadai hela yake.
Tukabishana. Ulimi wangu mkali, sikatai;
marehemu mume wangu akisema,
"Wewe Kibibi humwagi asidi kwenye maji,
wamwaga maji kwenye asidi,"
yaani lazima imrukie mtu machoni.
Niliporudi, kopo bado li wazi.
Nikapima hivyo hivyo.
Nikaandika lebo, kwa mwandiko mzuri.

Jibu la Mwalimu Semkiwa lilikuwa limevuja tangu jana,
kama bomba la bwenini.
Ishirini na tano.
Kwa hiyo wengi walifungua koki hadi mwisho,
rangi ikatoweka, wakaandika walichosikia.

Mwanamvua alipiga magoti
macho yawe sawa na mstari.
Chupani kostiki, matone mawili ya kiashiria,
rangi ya waridi, kanga mpya kabla haijafuliwa.
Asidi ikashuka: tone.
Doa likafifia katikati, likamezwa na waridi.
Tone. Akatikisa. Tone.
Mkono ule si wa darasani.
Kwao chokaa ikizidi humchoma mteja ulimi,
ikipungua mate hayaji mekundu,
na mteja hulipa akishatema.

Kisha nusu tone, lililogoma kuanguka,
akaliparuza kwa shingo ya chupa,
na rangi ikaondoka yote, bila kuaga.

Humo ndani asidi haikuwapo tena, wala kostiki.
Hakuna aliyeshinda.
Kulikuwa na munyu, na maji.

Akarudia mara tatu. Mara tatu ileile.
Akatazama madaftari ya jirani,
akatazama bureti.
Kalamu ikasita hewani.
Ningeweza kukohoa.
Sikukohoa.

"Umekosea," Mwalimu akasema, wino mwekundu mkononi.
"Sijakosea." Bila kiburi;
kwa sauti ya mtu anayerudisha chenji iliyozidi.
"Labda kilichomo chupani ndicho kilichokosea."

Darasa likacheka.
Mimi nilikuwa nafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Mwalimu, kopo lilikuwa wazi."

Maneno manne.
Yalinitoka polepole kuliko lile nusu tone.
Hakunijibu. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai,
akaanza kukata vema zake, moja moja,
thelathini na nane,
na kila daftari lilikuwa na sauti yake.

Chupa ya Mwanamvua sikuiosha.
Niliiweka dirishani, nyuma ya pazia,
likizo nzima ya Juni.
Maji yakajiendea.
Chini ukabaki munyu, ukoko mweupe,
mwembamba kama ukucha wa kichanga.

Adhuhuri unakauka, unametameta.
Alfajiri, nikija na funguo,
naukuta umelowa tena,
unatoka jasho
kama kuta, kama kostiki,
kama mimi siku ile na kitambaa changu mkononi.