Dalili ya Shibe

Chaja ya kwanza ilikuwa ya dukani, shilingi mia tatu na hamsini,
taa moja nyekundu, kuzima haijui.
Bi Barke Shekuwe, mkunga wa Wiyoni, aliichomeka Alhamisi
akaenda arusini, akalala huko huko.
Aliporudi, betri zote nne zimefura kama maandazi,
ngozi ya plastiki imekunjamana,
na usiku wa Jumamosi tochi yake ya kichwani ikazima,
mtoto ametoka kichwa tu.
(Alizaliwa salama, kwa mwanga wa simu,
baba ameishika, mkono unamtetemeka.)

Asubuhi akasimama mlangoni mwa kibanda changu, Langoni.
"Mimi nashughulika na wasiosema," akaniambia.
"Mtoto hasemi, na najua. Hii yako mbona haijui?"
Haikuwa yangu. Sikumjibu.

Nilikaa nayo miezi miwili.

Kidhibiti changu huuliza kabla ya kutoa chochote: upo?
Betri iliyokufa hailishwi.
Iliyo chini ya volti moja hupewa matone,
kama mfungaji anayeanza na tende na maji,
sinia la pilau bado liko jikoni.
Halafu joto. Februari, humu kibandani,
ni digrii thelathini na tatu hujagusa kitu,
kwa hivyo sikukiambia "ukiona joto, kimbia."
Nilikiambia kitazame mwendo wake:
digrii moja ndani ya dakika moja, kata.

Kisha karamu yenyewe, ampea mbili.
Na hapa ndipo niliponyimwa usingizi,
maana betri ya nikeli haisemi basi.
Volti hupanda, hupanda kwa uvivu, hufika kileleni,
na ikishiba
hushuka.
Milivolti tano. Kipimo changu cha bei rahisi
hukosea zaidi ya hapo.
Ikabidi kisome mara kumi na sita, kigawanye, ndipo kiamini.

Iliyokaa kabatini miezi hudanganya,
hushuka mapema, shuko la uongo,
mtoto anayesukuma sahani kabla ya tonge la kwanza.
Dakika tano za mwanzo, basi,
kidhibiti huona, hakisadiki.
Na yote yakishindwa iko saa:
dakika tisini, huzima bila kuuliza mtu.
Saa niliiweka kwa ajili yangu mimi, si kwa ajili ya betri.

Mama aliwajua wageni hivyo.
"Akisema nimeshiba, ni haya, muongeze.
Mkono ukipunguza mwendo sahanini, hapo ameshiba kweli."
Mwezi wake wa mwisho
mkono wake ulipunguza mwendo
na mimi nikaendelea kumwekea uji.

Bi Barke alipokuja kuichukua nilimweleza hatua ya mwisho:
miliampea hamsini, moja ya arobaini ya elfu mbili,
ili isipungue ikisubiri.
"Zaka," akasema.
Akafikiri. "Na arobaini ya mzazi."
Akataka maneno ya kukumbuka, asiyoyahitaji kuvaa miwani,
nikamwandikia kwa kalamu nene chini ya kifuniko:

Kabla ya kulisha shika, upime uhai ndani,
likichemka haraka, toa mkono motoni,
kilele kikishafika, dalili i mshukoni,
haba na haba kuweka, usimwage kibabani.

Alisoma kwa sauti, mara mbili, akasahihisha kituo changu kimoja.
Akauliza bei. Nikataja.
Akatoa nusu, akafunga khanga.

Machi, stima imepotea mtaa mzima,
nilisikia hodi saa nane za usiku:
kijana wake, anahema, hana betri mkononi.
"Mama anauliza," akasema, "ile taa ya kijani
ikipepesa, ndiyo imeshiba, au ndiyo bado inakula?"
Imeshiba, nikamwambia. Kimbia.