Wiki ya Miaka Kumi na Minne

Mama aliuliza kazi gani hainiachi nilale.
Nikamwambia, tunahamisha wiki.
Akacheka simuni: Wiki inahamishwaje, Midega?
Jumatatu mnaipakia wapi?

Yetu haina Jumatatu.
Ilianza na Obura, Kondele, chumba cha juu,
chini yetu duka la dawa za mifugo,
kompyuta ya mnada wa benki
feni ikikoroma kama mgonjwa wa pumu.
Aliandika ukurasa wa kwanza:
Jinsi ya kufungua pampu bila kuchana kikombe cha ngozi.
Akauacha wazi.
Mwenye kujua zaidi, aongeze.

Wakaongeza.
Fundi wa Ahero akaleta valvu ya mpira wa tairi.
Khavere akaleta picha,
nusu pampu, nusu kidole gumba chake.
Mtu wa Muhoroni, asiyejitaja,
akafuta sentensi moja tu.
Alikuwa sahihi.

Sasa programu imechakaa, walioiunda wameitupa.
Ukiiuliza, inafikiri;
ukingoja, inasahau ulichouliza.
Usiku wauza vidonge wa nchi nisizozijua
wanapenya matundu yake, wanabandika matangazo.
Asubuhi Akeyo anafagia.

Ijumaa Lusweti akasema:
Tubebe maandishi, historia tuiache.
Nani anajali nani alisogeza nukta mwaka gani?
Sikumjibu. Nikamfungulia ukurasa wa gasketi,
badiliko la mia moja na tisini,
Obura, saa nane na dakika kumi na nne usiku:
"Nimeweka koma. Nitarudi kesho."

Kesho yake alikuwa hospitali ya Russia.
Hakurudi.

Lusweti akavuta kiti.
Tukabeba yote.

Kulipopambazuka kurasa elfu mbili zilikuwa zimevuka
na ng'ombe wote wamekatika pembe.
Ngombe, imeandikwa. Ngoa skrubu. Ngambo ya Nyando.
Programu mpya haijawahi kusikia sauti ya puani,
kaalama kale kadogo ilikaona uchafu, ikapangusa.
Akeyo, macho mekundu, akaandika amri ya mstari mmoja
ikawarudishia pembe wote,
na wasiokuwa nazo pia:
ng'ozi, ng'azi, ng'uvu,
hata Mung'u kwenye shukrani za mwisho.
Tulicheka mpaka mwenye duka akagonga dari kwa ufagio.

Tukaanza upya, kwa mkono, neno kwa neno.
Chai ya Akeyo ikapoa, ikaota ngozi
(ile isiyo na pembe).

Mama kapiga tena jioni:
Wiki imehama?
Imehama, mama.
Koma ya Obura iko palepale alipoiacha.
Ila ukurasa wa saba, pale pa kupandia tangi,
kuna ng'azi moja imebaki.
Macho yamekataa. Nitaitoa kesho.