Futi Sitini na Mbili

"Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."
Tumefungua. Tumeingia.
Tumegonga kuta, tumewasha kila taa,
Odette amevuta maji ya choo cha juu mara tatu,
kikanyamaza kama mtoto aliyevunja kikombe.

Dalali anatazama saa. Milwaukee, mwezi Machi,
theluji ya juzi imeganda kando ya njia, chumvi chafu.
Ghorofa mbili, wapangaji wawili,
kodi ya kulipa benki
na kubakiza dola mia mbili za kujidanganya.

Bi Mai Yer, mpangaji wa chini, alinivuta kando.
Akanishusha ngazi, akanionyesha mataulo matano
yaliyokunjwa vizuri karibu na tundu la sakafu.
"Wa juu wakifua," akasema hatimaye, "mimi hudeki."
"Tangu lini?"
"Tangu mwanangu yuko darasa la pili."
Mwanawe alikuwa amesimama ngazini, ndevu zinamtoka.

Basi nikamwita Lonnie.
Akaiingiza kamera kwenye bomba la majitaka
polepole, kama anayelisha nyoka shimoni.
Tukainamia kioo: giza, maji, giza,
mabomba ya udongo wa kuchoma, kiungo baada ya kiungo,
futi kumi, futi arobaini,
na kwenye futi sitini na mbili, nywele.
Nilidhani ni nywele.
"Mizizi," Lonnie akasema, akaelekeza kidevu dirishani. "Ya ule pale."

Wahenga walituachia mlango na ndani.
Ya chini walituachia tujionee wenyewe.

Mzee Wasielewski alitoka nje bila kofia.
Aliupanda, alisema, juma walilomleta Halina kutoka hospitali,
mche mwembamba kama mwiko.
Hakujua mti unaweza kuwa na kiu kiasi hicho.
Ama alijua:
mataulo yale, nilikuja kusikia, alinunua yeye.

Kuchimba na kulaza bomba jipya, elfu kumi na moja.
Tulivutana mezani hadi chai ikapoa.
Akakata nane kwenye bei, akatia saini,
kisha akauliza kama lazima mti ukatwe,
na Odette, ambaye ana ulimi, akatazama mikono yake.

Bi Mai Yer hakuuliza bei.
Alitaka kujua jambo moja tu:
mataulo ayatupe, au?

"Ngoja kidogo," nikamwambia,
na hapo hapo nikaisikia sauti yangu, sauti ya mwenye nyumba,
"ngoja ardhi iyeyuke."