Tanbihi ya Arobaini na Saba

Daktari Ombasa ameniandikia pembeni, kwa rangi nyekundu:
"Tanbihi ya 47 haina chanzo.
Nani kasema? Kitabu gani? Ukurasa wa ngapi?"

Daktari, hakuna ukurasa.
Kuna korido ya wodi ya wazazi, Nizwa,
saa tisa na robo usiku, kiyoyozi kikikohoa,
nami juu ya stuli na kadi zangu za Kiebrania
nilizozikata kwa mkasi wa plasta
kwenye maboksi ya glovu.

Chumba cha nne alikuwamo Thuraya, uzazi wa kwanza,
njia sentimita sita, mapigo ya mtoto mazuri.
Nje ya mlango bibi yake kanikodolea macho,
birika la kahawa mapajani,
huku nikirudia rehem, rehem,
kama mtu anayepuliza chai.

"We Mghoi," akasema (jina kalisoma kifuani)
kwa Kiswahili cha Wete kilichokaa Omani miaka sitini
bila kuota kuvu,
"hiyo si ha ya chai. Hiyo ha ya ndani.
Itoe pale mtu anapotoneshwa kidonda."

Nikaitoa. Akacheka hadi kahawa ikamwagika.
"Tena."

Mihula miwili nimeisaka herufi hiyo
katika sarufi ya kurasa mia sita,
Jumatano usiku darasani, Nairobi ikiwa saa moja nyuma yangu,
mtandao ukikatika kila ulipofika kwenye kitenzi.

Akauliza neno lenyewe lina maana gani.
Tumbo la uzazi, nikasema,
na likitiwa mkia wa wingi huwa rehema;
ndivyo walivyoandika manabii.
Nilisema kwa sauti ya mtu anayetetea tasnifu.

Hakushangaa.
"Rahimu," akasema, akajigonga chini ya kitovu.
"Na mamangu kule Pemba akiita mji. Mji wa mimba.
Basi ndiyo hiyo rehema yako:
mtu hukaa mjini mwa mtu, halipi kodi,
na siku ya kutoka hulia."

Hapo ndipo ilipozaliwa 47.
Niliiandika kiganjani, kisha Thuraya akaita
na wino ukaoshwa pamoja na mikono.

Saa kumi na moja na dakika nane, msichana,
kilo tatu na gramu mia.
Baba yake akamwadhinia sikioni.
Mimi nikakagua kondo la nyuma: limetoka zima.
Mji ukabaki mtupu, ukianza kujifunga taratibu
chini ya kiganja changu.

Nilimpelekea bibi fomu ya idhini, chuo kinataka sahihi.
Akaigeuza huku na huku.
"Kitabu cha kanisa?"
Ndiyo, bibi.
"Hilali mwanangu atanitafuna."
Akamung'unya tende, akatema kokwa kwenye leso.
"Andika mwanamke mmoja. Jina langu liache.
Maneno yangu usiyapunguze."

Ijumaa nikapanda basi la alfajiri kwenda Ruwi.
Wamalayali wanatoka, Wafilipino wanangoja zamu,
sisi wa Kiswahili tuna ukumbi kwa saa moja na nusu
na kinanda chenye funguo mbili bubu.
Somo lilikuwa Marko, sura ya tano:
na mwanamke mmoja, mwenye kutokwa na damu miaka kumi na miwili.

Nimekwisha kulisikia mara ngapi, mimi mkunga?
Siku hiyo nilisikia "mmoja".
Nikawaza, labda naye alisema,
jina langu liache.

Basi narudisha Sura ya Tatu.
Koma nimezipanga, tarehe nimezihakiki.
Tanbihi ya 47 sasa inasomeka:
Mwanamke mmoja, Nizwa, koridoni, usiku.
Ukinikata alama, kata.
Ila ukilisoma neno lenyewe kwa sauti, Daktari,
ile ha si ya chai.