Fomu ya Kifuta Jasho

Fomu ina kurasa mbili, na karatasi ya kaboni katikati.
Mlalamikaji: Somoe Mkwepu, mjane, miaka hamsini na kitu.
Kijiji: Mpigamiti, Liwale.
Zao lililoharibiwa: mahindi, ekari moja na robo.
Mbaazi hazikupimika.
Mnyama mhusika: tembo.

Mhusika. Neno la mahakamani hilo.
Mhusika huitwa jina mara tatu, husimama,
husomewa shitaka kwa lugha anayoielewa.
Huyu wetu alisomewa kwa risasi, usiku wa Jumatatu,
sasa amelala bondeni, ubavu mmoja juu,
mkonga kautandaza juu ya matuta
kama mtu aliyekuwa akipapasa kitu gizani.

Ausi Likwata, aliyekesha dunguni wiki sita
akigonga debe mpaka debe likatoboka,
akanishika mkono kabla sijamaliza mstari.
Sikiliza, Mtendaji. Mwenye haki ni mwenye wajibu.
Tembo halipi ushuru, hachimbi kisima,
hamziki mwenzake. Tumpime na nani?

Tatu bintiye, darasa la sita, hakuulizwa:
Baba, hata Shazili halipi ushuru.

Shazili alikuwa mgongoni mwake,
ananyonya pembe ya kanga.
Watu wakacheka. Ausi hakucheka.
Shazili atakua, akasema.
Na asipokua?
Hapo mama yake akamwita akachote maji.

Mimi niliona michirizi, kutoka pembeni mwa jicho hadi shavuni.
Bwana Wanyamapori akasema si machozi, ni tezi,
wote wanayo, msijidanganye.
Sikubisha. Ila kanuni zetu zina mafungu mawili tu:
shamba likiliwa, kifuta jasho;
mtu akiuawa, kifuta machozi.
Kitambaa ni kimoja,
kinafuta upande mmoja wa uso.

Asubuhi ya pili tukamkuta kafunikwa.
Matawi ya mtondoro, mabichi,
yamenyofolewa kwa nguvu isiyo ya mtu,
na nyayo za wengi zimemzunguka, kubwa na ndogo.
Ausi akaondoa tawi moja.
Akasimama nalo.
Akalirudisha.

Sina ugomvi na matanga yao, akasema Somoe.
Wewe mwandikie tu mkubwa wako:
yale hayakuwa mahindi,
yalikuwa uji wa Januari.

Nikaandika mahindi. Uji hauna kisanduku.

Ikabaki sehemu yangu, Maoni ya Mtendaji, mistari miwili.
Kabatini ninayo ramani ya mwaka juzi.
Palikuwa na njia mle bondeni,
pana, ngumu kama sakafu ya saruji,
ikitoka hifadhini kushukia mtoni,
jembe halikuwahi kuigusa.
Nilitembea juu yake na futi kamba yangu
nikiruka vinyesi,
kisha nikaandika: ardhi tupu.
Nikagawa. Nikagonga muhuri.
Somoe alinishukuru kwa kuku,
nikamla bila kujaza fomu yoyote.

Leo nimeandika: Njia ilikuwepo.

Somoe, ambaye hakupata kusoma,
akakandamiza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi,
akataka kujua nimesema nini.
Nikamsomea.
Akajifuta kidole kwenye nguo, taratibu,
wino haukutoka wote.
Na mimi, akasema, sikuwepo?

Mstari wa pili bado ni mtupu.