Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Ailsa Menmuir wa gazeti la Jumamosi ameniandikia:
maneno mia sita, kabla ya Ijumaa saa sita,
na tafadhali, Effie, usimtaje muuaji.

Kitabu kimefika katika bahasha iliyolowa.
Mvua ya Dundee haibishi hodi, huingia tu.
Jalada: daraja, ukungu, mtu mmoja ametupa kisogo.
Majalada yetu yote yana mtu aliyetupa kisogo,
mimi mwenyewe nimemvalisha koti mara tano.

Nachonga penseli. Nasoma kama fundi cherehani
aliyealikwa harusini: bibi harusi anapita,
vigelegele vinapaa,
yeye macho yako kwenye pindo.

Ukurasa wa sitini na moja nimeshamjua.
Ni daktari wa mifugo, yule mpole,
anayempelekea mjane supu ya dengu bila kuombwa.
Si akili iliyoniambia. Katika kitabu changu cha tatu
mimi pia nilimficha wangu nyuma ya bakuli.
Mwizi hushikwa na mwizi mwenziwe.

Nikafurahi. Niseme kweli, nikafurahi mno,
nikachemsha chai, nikamwambia paka,
"Struan Guthrie amechoka."
Miaka kumi na tisa tumegawana meza za kusaini vitabu,
foleni yake ikizunguka nguzo,
mimi nikimwelekeza mama mmoja vyoo viliko.

Na ukurasa wa tisini, huyu hapa tena,
msichana aliyeopolewa kutoka mto Tay:
kucha za zambarau, mchoro wa mbayuwayu begani,
jina hana. Kurasa tisini, jina hana!
Nikaandika pembeni, nikikandamiza hadi penseli ikavunjika:
Alipenda kula nini?

Usiku nikakishusha rafuni kitabu changu cha kwanza.
Yule wa mferejini.
Nilimpa viatu.
Hapana. Kiatu kimoja.

Sasa ngoja. Mia mbili na kumi na mbili:
Inspekta Keillor yuko jikoni kwa marehemu,
anawasubiri wataalamu wa alama za vidole,
na mikono yake, yenyewe, inakiosha kikombe.
Ushahidi wote unateremka na maji,
na rangi ya mdomo iliyokuwa ukingoni.
Anakifuta. Anakitundika kwenye msumari wake.
Kurasa mia moja nyuma, tukidhani ni porojo,
mama yake alisema nyumba ya msiba
hailazwi na vyombo vichafu.
Keillor haelezi. Guthrie naye haelezi.
Sura inakwisha, bomba bado linatiririka.

Nilikaa. Chai ikapoa, ikafanya utando.
Juu ya paa shakwe alitembea, akarudi,
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Nimeandika vitabu kumi na kimoja
na hakuna mpelelezi wangu aliyewahi kuosha chombo.

Maneno mia sita.
Msichana nilimsemea, wala sikulainisha.
Nilisema mbio za mwisho bandarini ni ndefu,
na mvua imezidi, kana kwamba sisi wa huku
tunahitaji kukumbushwa.
Muuaji sikumtaja. Niligusia supu, nikaifuta.
Kikombe nilikipa maneno mia mbili na arobaini.
Ailsa akapiga simu: "Kwa hiyo umekipenda?"
"Kimenitia wivu," nikasema.
"Hilo ni nyota ngapi?"

Ijumaa, saa saba mchana. Nimefungua mswada wangu.
Sura ya kwanza, maegesho ya magari, ghorofa ya chini,
maiti amelala pale tangu Machi; nilimlaza mwenyewe.
Nampa jina: Senga Rattray.
Nampa deni la maktaba, pauni moja na pensi arobaini,
kitabu cha mapishi alichokichelewesha siku ishirini na nane,
ukurasa wa keki ya tangawizi
umegandana kwa siagi.