Sitaki

Bahari yangu ina galoni kumi na mbili.
Naichanganya mwenyewe jikoni, hapa Saskatoon,
kwenye ndoo iliyokuwa ya achari:
chumvi ya unga, mwiko, na kipimo cha kioo
ninachokiinamia kama anayesoma barua
yenye mwandiko mbaya.
Nje ni thelathini chini ya sifuri.
Mto umeganda hadi madarajani.
Bahari ya wenye bahari ni safari ya siku mbili kwa gari.

Aliyepanga hapa kabla yangu aliniachia
pazia, kikaango, na samaki mmoja
asiyezidi kidole changu cha kati,
buluu juu ya chungwa, chungwa juu ya buluu,
kama hina ya mpambaji asiyejua kuacha.
Nilimpa vidonge: akavitazama vikizama.
Nilimpa kamba wa barafu, nimemkatakata:
akampita, kama mdeni anavyompita mwenye duka.
Nikamwita Sitaki.

Kwetu walisema mchagua jembe si mkulima.
Juu ya mchagua tonge sikuachiwa methali.
Siku ya tisa tumbo lake lilibonyea.
Macho yakizunguka, kila moja kivyake,
yakitafuta kitu kimoja tu: kinachotikisika.
Kisichotikisika, kwake, ni mchanga.

Basi nikajifunza kuangua.
Chupa ya soda iliyopinduliwa, mpira wa hewa, taa ya mezani,
kijiko kidogo cha mayai ya uduvi,
vumbi la kahawia; ukipiga chafya umewapoteza maelfu.
Saa thelathini za mapovu.
Kisha nazima hewa, nangoja.
Maganda yanaelea juu,
walio hai wanaufuata mwanga,
wingu la chungwa, kila chembe na haraka zake.
Nawavuta kwa mrija, nawachuja kwa kitambaa,
nawasuuza, tena upesi,
maana uduvi huzaliwa na akiba yake tumboni,
na akishaila mwenyewe
hana tena cha kumlisha mwingine.
(Hapo nilisoma mara mbili.)

Nikawamwaga taratibu kwa bomba la sindano.
Sitaki akasimama juu ya mapezi yake.
Akainamisha kichwa.
Tk.
Kama mtoto anayedonoa ufuta kwenye mkate.
Tk.
Nilikaa sakafuni na koti la kazini, viatu miguuni,
nikihesabu, hadi hesabu ikanipotea.

Mchana kazi yangu ni kijiko.
Ghorofa ya pili, meza ya dirishani, Bi Halyna Petryshyn,
aliyekula chumvi nyingi, na sasa hali kitu.
Viazi vya kupondwa, karoti za kupondwa, kuku wa kupondwa,
vilima vitatu, rangi tatu, vyote kimya.
Meno kayafunga kama benki Jumapili.
Doreen husema: ngoja apige mwayo, kisha penyeza.
Kwenye fomu kuna kisanduku cha asilimia.
Wiki mbili nimeandika sifuri, kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa nilimpelekea uduvi kwenye kichupa cha dawa,
nimewabana kwapani, ndani ya koti,
wasigande kituo cha basi.
Nikawaweka karibu na taa yake.
Akatazama.
Mkono ukatoka chini ya blanketi, ukaisogeza taa.
Wingu likasogea.
Akairudisha. Wingu likarudi.
Akasema neno la Kiukreni nisilolijua,
akalirudia,
kisha mdomo ukafunguka, wote,
hadi nikaona fizi.

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu, kimejaa.
Doreen alikuwa akinitazama.
Nilikiweka chini.
Mdomo ule haukuwa umefunguliwa viazi.

Baadaye sana, chakula kimeshapoa,
aliniuliza hawa wanakula nini.
Nikamwambia ni wa leo asubuhi,
bado hawajaanza kula.

Akawafikiria.
Akaisukuma sahani ya karoti, polepole,
hadi ikagusa kichupa.